Aliyepakua Wimbo Alipe Kiasi Gani?



Mwezi uliopita, baada ya Sala ya Jioni, vijana wa parishi yetu walituomba tuketi nao tuzungumze juu ya amri ya nane. Tulikwenda tumejiandaa kusema habari za mizani ya uongo sokoni, na za watu wanaoazima jembe la jirani kisha wakasahau njia ya kulirudisha. Kijana mmoja wa kwaya akanyosha mkono. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Nyimbo zote zilizomo katika simu yangu nimezipakua bure. Sikununua hata mmoja. Je, mimi ni mwizi? Na kama ni mwizi, mbona hakuna anayenipeleka mahakamani?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka.

Tulimjibu upesi kwamba ndiyo, ni wizi, na kwamba amshukuru Mungu hakuzaliwa Marekani, kwani huko angefilisiwa. Vijana wakanyamaza, kikao kikaendelea. Tulipofika nyumbani tukaona tumejibu vibaya. Sehemu ya kwanza tuliisema bila kuifikiri, na ya pili ilikuwa kitisho tu. Mtu aliyeshika chaki miaka 36 anapaswa kujua tofauti kati ya jibu na kitisho. Kwa hiyo tunaomba nafasi katika kurasa hizi tujibu upya.

Tuanze na neno lenyewe. Mama hupakua wali kutoka chunguni, na wachukuzi hupakua shehena kutoka melini. Katika maana zote mbili kitu huondoka kilipokuwa: ukizidi kupakua, chungu hubaki na ukoko. Wimbo hauko hivyo. Kijana yule akiupakua, mwenyewe bado anao, na watu elfu wengine wanaweza kuupakua usipungue hata sauti moja. Ndiyo sababu wako watu wenye akili timamu wasemao kuwa hapa hapana wizi, maana mwizi wa kuku humwachia mwenye kuku banda tupu, na aliyepakua wimbo hakumwachia mtu banda tupu.

Hoja hii si ya kudharauliwa, na tungali shuleni tungempa maksi nzuri mwanafunzi aliyeileta. Lakini tumfikirie abiria anayepanda basi lenye viti vitupu akashuka bila kulipa nauli. Basi lingekwenda tu, awemo asiwemo. Mafuta hayakuzidi, na hakumnyima mtu kiti. Hata hivyo konda akimdai hatumwoni konda kuwa mkorofi, kwa kuwa twajua kwamba abiria wote wakifikiri hivyo, kesho hakuna basi. Aliyetunga wimbo, aliyepiga gitaa na aliyekesha studioni walifanya kazi, na kazi ina ujira. Sheria ya Musa ilimwagiza tajiri amlipe kibarua wake kabla jua halijatua. Kibarua asiyelipwa hakuibiwa kitu kilichokuwa mfukoni mwake, lakini amedhulumiwa, na kilio chake chasikiwa. Basi tungemjibu kijana yule hivi: hukuvunja banda la mtu, ila una kibarua ambaye jua limemtulia bila ujira. Hilo ni deni, na kulikataa deni ni jamaa wa karibu sana wa wizi.

Kama ni deni, basi yafaa kuuliza ni kiasi gani, na lidaiwe kwa njia gani. Hapa hatuna budi kusafiri hadi Marekani tuliyoitumia kama fimbo, kwa maana huko watu walishtakiwa kweli, na kwa maelfu.

Mwaka 1999 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Shawn Fanning, alitengeneza programu iliyoitwa Napster. Kwa njia hiyo mtu aliye Boston aliweza kuzichukua nyimbo zilizomo katika kompyuta ya mtu aliye Texas, naye akamfungulia zake. Baada ya muda mfupi mamilioni walikuwa wakipeana nyimbo bila senti moja kwenda kwa mwimbaji wala kwa kampuni. Aprili 2000 bendi ya Metallica ilifungua mashtaka, na mwezi uliofuata ikapeleka orodha ya zaidi ya majina 300,000 ya watumiaji. Kwa amri ya mahakama Napster ikanyamazishwa Julai 2001. Kunyamaza kwake hakukusaidia kitu, kwa kuwa zilizuka nyingine, kama Kazaa, zisizokuwa na chumba kimoja cha kufungwa mlango. Madhara ya makampuni yalikuwa ya kweli. Mwaka 1999 mauzo ya muziki nchini Marekani yalikuwa kama dola bilioni 14.6, na miaka 10 baadaye yalikuwa yamebaki karibu nusu. Tunasema haya ili asije mtu akadhani kuwa wadai walikuwa wakililia mfupa.

Waliposhindwa kuzizima programu waliwageukia wasikilizaji wenyewe. Tarehe 8 Septemba 2003 makampuni ya chama chao, RIAA, yalifungua kesi 261 kwa mpigo. Njia yao ilikuwa hii: wachunguzi waliingia katika mtandao wa kupeana nyimbo, wakaandika namba ya anwani ya kompyuta iliyokuwa ikizitoa, kisha wakaiomba mahakama iiamuru kampuni ya intaneti itaje jina la mteja mwenye namba ile. Kumbuka kwamba mteja ni yule anayelipa ankara. Kwetu ni kama kumshtaki mtu ambaye jina lake liko kwenye mita ya umeme kwa jambo lililofanywa na mmoja wa watu wanaolala nyumbani mwake.

Matokeo yake yaliwashangaza hata waliopendezwa na mpango huo. Mmoja wa washtakiwa wa kundi la kwanza alikuwa mtoto wa kike wa miaka 12, akaaye na mama yake katika nyumba za serikali New York. Siku iliyofuata mama yake alikubali kulipa dola 2,000 ili yaishe. Mwingine alikuwa mama wa Massachusetts, mchonga sanamu, mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, aliyetuhumiwa kuwa mpenzi wa nyimbo za rapu, hali kompyuta yake ya Macintosh haikuweza hata kuendesha programu ya Kazaa. Kesi yake ikaondolewa. Mwaka 2005 alishtakiwa bibi wa miaka 83 ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Nayo ikaondolewa, bila shaka kwa haraka.

Wengi wao hawakufika mbele ya hakimu. Walipewa nafasi ya kulipa dola elfu chache, mara nyingi 3,000 au 4,000, ili wasishtakiwe au kesi ifutwe. Mwenye hatia alilipa, na asiye na hatia naye aghalabu alilipa, kwa maana wakili wa kumtetea angegharimu zaidi ya hapo. Hadi makampuni yalipotangaza Desemba 2008 kuwa yanaacha kufungua kesi za namna hii, watu wapatao 35,000 walikuwa wamefuatwa.

Mmoja wao alikataa kulipa. Ni mama wa watoto, mfanyakazi wa kawaida wa jimbo la Minnesota. Makampuni yalidai kuwa katika kompyuta yake zilionekana nyimbo zaidi ya 1,700 zikiwa wazi kwa kila mtu, lakini wakamshtaki kwa nyimbo 24 tu. Sheria ya kwao haimlazimu mdai kuonyesha hasara aliyoipata. Yatosha aonyeshe kuwa haki yake imevunjwa, nayo mahakama yaweza kumpa kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila wimbo, na kama ilivunjwa kwa kusudi, hata dola 150,000. Oktoba 2007, katika mji wa Duluth, raia waliokaa kuwa waamuzi, mfano wa wazee wa baraza tuliowazoea huku kwetu, walimtoza dola 222,000. Gawanya kwa 24 upate dola 9,250 kwa wimbo mmoja. Wakati huo duka la iTunes lilikuwa likiuza wimbo kwa senti 99.

Hakimu aliona kuwa aliwaelekeza vibaya, akaamuru kesi isikilizwe upya. Juni 2009 raia wengine wakamtoza dola 1,920,000, yaani 80,000 kwa kila wimbo. Hakimu mwenyewe alishtuka, akaishusha hadi 54,000. Makampuni hayakuridhika, ikasikilizwa mara ya tatu, na mwaka 2010 ikawa 1,500,000. Hakimu akaishusha tena. Mwisho wa yote, mwaka 2012, mahakama ya rufani ikarudisha zile 222,000 za kwanza, na Machi 2013 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ikakataa kuisikiliza rufani yake. Kijana mwingine wa Boston, mwanafunzi, alikuwa ametozwa dola 675,000 kwa nyimbo 30 mwaka 2009.

Tusimfanye mama yule mtakatifu. Waliomsikiliza, makundi mawili mbalimbali, hawakuamini maneno yake. Ilibainika kuwa diski ya kompyuta yake ilibadilishwa, na baadaye alisema huenda waliofanya ni watoto wake au aliyekuwa rafiki yake. Sisi tulioishi na wanafunzi katika mabweni tunaifahamu sauti ya mtu anayesema huenda ni fulani. Wala makampuni hayakuwa na roho ya jiwe kila wakati. Mwaka 2010 yalimwambia alipe dola 25,000 nazo zitakwenda kuwasaidia wanamuziki wenye shida, naye akakataa. Basi hatumtetei. Tunachouliza ni kama deni la mwenye kosa laweza kuzidi kosa lake mara elfu tisa likaendelea kuitwa haki.

Mawakili wa makampuni walikuwa na jibu, na lazima tulisikilize. Walisema kuwa wimbo ukiachwa wazi hauchukuliwi na mtu mmoja. Unasambaa, na hakuna awezaye kuhesabu umefika wapi. Tena walisema kwamba kama adhabu ya kukamatwa ni kulipa ile bei tu, kila mtu atapakua na kungoja kama atakamatwa. Hili la pili ni kweli. Ndiyo maana Torati haikumwambia mwizi arudishe kondoo mmoja kwa kondoo mmoja. Kondoo akionekana hai mkononi mwake alirudisha wawili. Akiwa amekwisha kumchinja au kumwuza, wanne, na kwa ng'ombe, watano. Zakayo naye alipoamua kutengeneza mambo yake aliahidi mara nne. Utaona kwamba kosa lina nyongeza, na nyongeza inauma, lakini bado unaweza kuitazama ukamwona kondoo ndani yake. Hata hakimu wa Minnesota, alipotafuta pa kusimama, alichukua kile kiwango cha chini kabisa cha sheria, dola 750, akakizidisha mara tatu, na hapo ndipo zilipotoka zile 54,000. Hata hizo kwa maoni yetu ni nyingi mno, lakini tunapenda kuona kwamba alikuwa akitafuta kipimo.

Jibu lao la kwanza ndilo linalotusumbua. Ikiwa hasara haihesabiki, basi zile dola 80,000 zilihesabiwa na nani? Hazikuwa hesabu. Zilikuwa sauti ya kuwapigia kelele watu wengine mamilioni waliokuwa wakifanya vivyo hivyo na hawakukamatwa. Mama yule alilipishwa deni lake na deni la taifa.

Jambo hili sisi walimu tunalifahamu kutoka ndani. Mwaka mmoja, tukifundisha darasa la sita, chaki zilikuwa zikipotea, na darasa zima lilikuwa likichorachora ukutani. Tulimwona kijana mmoja tu ana kipande mfukoni. Tukamchapa mbele ya wote, si kwa kipande kile, bali kwa kuta zote za shule. Darasa lilitulia kwa juma moja. Baadaye chaki ziliendelea kupotea kama kwanza, ila sasa kwa werevu zaidi, na yule kijana akawa hatutazami usoni. Alikuwa na kosa, na kama tungempa fagio na ndoo ya maji asafishe ukuta mmoja angeona ni halali yake. Tulimwonea kwa kile kilichozidi. Mtu mwenye kosa naye huweza kuonewa, na akionewa husahau kosa lake, hukumbuka kuonewa tu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa huko. Watu walipoona hukumu zile hawakusema, "Kumbe tumewadhulumu waimbaji." Walisema, "Makampuni yana roho mbaya." Richard Marx, mwimbaji ambaye wimbo wake ulikuwamo katika zile 24, alisema hadharani mwaka 2009 kuwa anaona aibu jina lake kuhusishwa na mambo yale. Upakuaji haukukoma. Kilichowarudisha watu wengi katika kulipa ni maduka yenye bei ya kuwezekana, kama lile la iTunes lililofunguliwa Aprili 2003, na baadaye huduma za kusikiliza kwa ada ndogo kama Spotify iliyoanza Sweden mwaka 2008. Kama mwimbaji anapata fungu la haki katika ada hizo ni swali jingine, nalo ni refu.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana kijana wa kwaya hakutuuliza habari za Minnesota.

Mwaka 1984, tukiwa walimu wapya kutoka chuoni, kwaya ya mtaa wa jirani ilinasa kaseti yake ya kwanza. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mwenzetu, na nyimbo zote nane alizitunga mwenyewe. Walikopa fedha wakaenda mjini kunasa, wakarudi na makasha mawili ya kaseti wauze. Sisi tulinunua moja. Tukaazima redio ya pili yenye kunasa, na kwa majioni matatu tukatengeneza kaseti 11, tukawagawia walimu wa shule yetu kwa bei ya kaseti tupu. Hakuna aliyeona ubaya. Nchini ilikuwapo sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, kabla ya hii ya 1999, lakini hatukumjua mtu aliyewahi kuisoma. Huko Uingereza makampuni yalikwisha kutangaza mwaka 1981 kwamba kunasa nyimbo nyumbani kunaua muziki, wakachora kaseti yenye mifupa miwili kama bendera ya maharamia. Kama tangazo lile lingetufikia, tungelicheka.

Kwaya ile haikunasa kaseti ya pili. Tulisikia kuwa deni liliwachukua miaka mitatu, na kwamba kiongozi aliuza baiskeli yake. Hatukuunganisha mambo hayo mawili mpaka usiku ule wa swali la kijana.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Kwa kipimo cha Duluth cha mwaka 2007, nyimbo nane ni dola 74,000. Kwa kipimo cha 2009 ni dola 640,000, na mishahara yetu yote tangu kuajiriwa hadi kustaafu haifiki hapo. Tuliitazama hesabu ile, tukaona kwamba inatufanya tutake kufunga daftari na kulala. Deni lisilolipika humpumzisha mdaiwa. Tukafuta, tukaanza upya. Kaseti moja wakati ule ilikuwa bei ya kilo mbili za sukari, siku sukari ilipopatikana. Kaseti 11 ni kilo 22. Tukizidisha mara mbili, kama kondoo aliyeonekana hai, ni kilo 44. Mara nne ya Zakayo ingekuwa kilo 88, na hapo tunakiri kwamba tuliitazama pensheni yetu, tukajiambia kuwa Zakayo alikuwa tajiri. Basi tukachukua bei ya sukari ya dukani hapa mtaani, tukaizidisha kwa 44, tukatia fedha katika bahasha.

Mwenzetu yule alikwisha kufariki. Torati inasema aliyedhulumiwa akiwa hayupo, malipo yaende kwa jamaa yake wa karibu. Tulikwenda kwa mjane wake Jumamosi baada ya Pasaka. Alitukaribisha, akatusikiliza hadi mwisho bila kutusaidia kwa neno. Kisha akazihesabu zile fedha, akazigawa mafungu, akatuuliza, "Na waimbaji je, Mwalimu? Marehemu hakuimba peke yake. Walikuwa 14." Akachukua fungu moja, mengine akaturudishia mkononi.

Tumekwisha kuwapata wanane, na watoto wa wawili waliofariki. Bado wanne: wanawake watatu waliokuwa sauti ya kwanza, mmoja wao akiitwa kwa utani Kinanda, na mwanamume mmoja wa besi aliyehamia Morogoro kabla ya mwaka 1990. Msomaji anayewajua, au anayejua walikoolewa na kuhamia, tunamwomba apeleke habari kwa katibu wa parishi. Bahasha iko kwake.